Tulivyompeleka Mabula kwa Mama Yake, Bondeni Oldupai

Tangu nishuke kwenye gari la shemeji Masalu wiki iliyopita, kila ninayekutana naye hapa Kiseke ananiuliza habari za safari, na nikianza kumjibu ananikatiza katikati aulize habari za simba. Simba nilimwona. Alikuwa amelala. Haya, ya simba yameisha.

Mengine nayaandika humu kwenye daftari, lipite mkono kwa mkono jumuiya nzima, maana koo langu limechoka. Shule niliishia darasa la nne, mtanisamehe mwandiko. Kumbukumbu yangu haikuishia hapo. Na nitataja watu kwa majina, kwa sababu safari ya siku mbili haiwi ya siku tatu yenyewe tu bila wakosaji. Nyie mlioniona nikishuka mnaujua mwisho. Nyamazeni kidogo kwa ajili ya wengine.

Kiseke: mipango ya Mwalimu Koku

Kwa asiyetujua, Mabula ni mjukuu wangu. Ana miaka miwili na miezi miwili. Mama yake ni Sofia, binti yangu wa pekee, anayepika kwenye kambi ya wageni karibu na Bonde la Oldupai, ng'ambo ya Serengeti. Alipopata kazi hiyo mtoto alikuwa na mwaka na miezi mitatu. Akaniachia mgongoni, akaenda.

Jina la Mabula ni la marehemu mume wangu, aliyezama na boti ya Mafuru tulipokuwa tunakwenda Ukerewe. Mafuru alipakia saruji juu ya watu. Nilisema, akanijibu, "Mama, ukiogopa shuka." Sikushuka. Mimi niliokoka kwa kushika dumu la mafuta ya kula. Mume wangu hakupata dumu. Mafuru yupo mjini anakunywa chai, anayemfahamu amsalimie. Hilo nimelisema mara moja, silirudii. Mjue tu kwamba mtoto mwenye jina hilo akipanda mgongoni kwangu, kumshusha si kazi ndogo.

Kwetu mtoto akibeba jina la babu yake, ndiye babu yake. Mimi namwita mume wangu. Masalu, mdogo wa marehemu, mtu mzima na kitambi chake, anamwita kaka na kumwamkia shikamoo. Mabula anajibu "maaba" bila aibu yoyote.

Sasa Sofia akapiga simu. Amepata chumba, amepata na mama jirani wa kumwangalia mtoto saa za kazi. "Mama, nileteeni mwanangu." Nikamwambia mtoto hakujui. Nikasikia anavuta kamasi, akasema huko kuna vumbi. Lakini nilisema kweli. Kwa Mabula, mama alikuwa ni simu. Ukimwuliza mama yuko wapi, ananyoosha kidole kwenye simu yangu hata ikiwa imezimwa. Mama mwenye mikono na mgongo alikuwa mimi.

Tukapatana hivi, Mwalimu Koku shahidi: tunampeleka. Akikubali kwenda kwa mama yake, anabaki huko. Akikataa, narudi naye, tungoje akue. Na hili naliandika mwenyewe kabla Mwalimu hajawaambia: moyoni nilikuwa naomba akatae.

Mwalimu Koku mnamfahamu, jirani yangu Mhaya, mama mstaafu. Miaka thelathini amefundisha watoto kwamba binadamu wa kale alipatikana Oldupai, na mguu wake haujawahi kufika. Aliposikia tunakwenda alijipachika kwenye safari na kuifanya yake. Akaandika ratiba kwenye karatasi ya manila, akaibandika mlangoni kwangu. Saa kumi na mbili kamili kuondoka. Saa mbili Lamadi. Saa mbili na nusu lango la hifadhi. Saa nne mtoto kukojoa.

"Mwalimu," nikamwambia, "na asipokojoa saa nne?"

"Atazoea ratiba."

"Huyu hajazoea hata suruali."

"Waitu! Ndiyo maana ninyi Wasukuma mnachelewa kila mahali. Mnangoja mpaka ng'ombe akojoe."

Mkosaji wa kwanza nimeshamtaja basi. Ratiba ile ilikuwa na nafasi ya kila kitu isipokuwa mtoto.

Mzigo: poti la bluu, unga wa uji, michembe ya viazi vitamu ya kutafuna njiani, sato wa kukaanga, maji, nepi za kulalia, na mablanketi, maana Sofia alisema huko ni kukavu kama jangwa lakini asubuhi baridi inauma. Nilidhani tumemaliza. Asubuhi ya safari, gari linanguruma, akaja mkosaji wa pili. Mama Kabula, usigeuze uso, ni wewe. Ulikuja mbio na jogoo mwekundu kwapani, amefungwa miguu.

"Huwezi kwenda kwa mtoto mikono mitupu," ukasema. "Mpelekee Sofia, aje ampikie bosi wake."

Na sisi sote tukapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyefikiri. Jogoo tukampakia.

Kiseke hadi Lamadi

Tuliondoka saa mbili kasoro. Mwalimu alikaa mbele na saa yake mkononi, akiitazama kama daktari anayepima mapigo ya mgonjwa asiye na matumaini.

Gari la Masalu ni Landkruza kuukuu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Masalu anaendesha vizuri, shida yake ni salamu. Kisesa alisimama kumsalimia shemeji wa rafiki yake. Magu alisimama kununua machungwa, akakuta muuza machungwa ni wa ukoo wao upande wa bibi, ikabidi waulizane wagonjwa mmoja mmoja. Mkosaji wa tatu.

"Shemeji," nikamwambia, "tukifika huyu mtoto atakuwa ameshaoa."

"Kaka ameshaoa," akanijibu. "Mke si wewe?"

Mabula hakuwa na habari na sisi. Amekaa katikati ya miguu yangu na yule jogoo, wanatazamana. "Koko," anamwambia. Jogoo ananyamaza. "Koko!" Jogoo anafumba jicho moja. Mabula anachukua kipande cha mchembe, anakitafuna mpaka kilainike, anakitoa mdomoni anampa jogoo. Jogoo akala. Kuanzia hapo wakawa ndugu. Nilijua kabisa kwamba hili litatuletea matatizo, ila nilidhani matatizo yatakuwa ya kinyesi.

Lango la Ndabaka, na kurudi Lamadi

Ukishapita Lamadi ziwa unaliacha mgongoni, lango la hifadhi liko mbele kidogo. Askari wa pale alikuwa kijana mpole, safi, buti zinang'aa. Akatuamkia mimi na Mwalimu shikamoo, akachungulia nyuma. Jogoo, ambaye tangu Kiseke hakutoa sauti, akachagua wakati huo kuwika.

"Mama," askari akasema taratibu, "mnyama wa kufugwa haingii hifadhini."

"Huyu si mnyama, baba. Huyu ni zawadi."

"Zawadi ina manyoya."

"Simba wenu wanamwogopa jogoo?"

"Magonjwa, mama. Mafua ya kuku. Ndege wa porini watakwisha."

Mwalimu akashuka, akarekebisha miwani. "Kijana, umesoma wapi?" Hiyo ni silaha yake. Kijana akataja shule, na Mungu si Athumani, ikawa ni shule aliyowahi kufundisha. Nikajua tumepita. Yule kijana akampigia magoti kwa heshima, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha sheria ni msumeno. Jogoo haingii."

Masalu alicheka mpaka akaegemea boneti.

Tukajadiliana. Kumwacha langoni, askari hataki. Kumpa mpita njia, mimi sitaki, zawadi ya watu haigawiwi barabarani. Mwisho askari mwenyewe akatupa akili: "Akiwa amepikwa, mama, huyo ni chakula. Chakula kinapita."

Tukageuza gari mpaka Lamadi kwa mama lishe mmoja anaitwa Nyanjige, jiko lake chini ya bati karibu na stendi. Akamshika yule jogoo kifua, akasonya. "Huyu mlipewa au mlimrithi? Huyu ni mzee. Atawakalisha."

Akatukalisha. Saa tatu nzima sufuria inachemka. Kila Nyanjige akichoma uma, uma unarudi. Mwalimu alikunja ratiba yake, akaitia kwenye mkoba, na hatukuiona tena. Mabula naye alizunguka meza zote akiita "Koko! Koko!" na mimi nakosa pa kutazama. Watu waliokuwa wanakula wakaanza kumsaidia kutafuta. Dereva mmoja wa lori alikwenda kuchungulia mpaka uvunguni mwa gari lake.

Nyama ilipoiva, Nyanjige alituchotea kidogo tuonje, nyingine akafunga kwenye chombo. Firigisi, kama mnavyojua, ni ya mwanamume mkubwa. Masalu akanawa mikono, akajiweka sawa. Akaitazama firigisi, akamtazama Mabula, akaguna.

"Kaka ndiye mkubwa," akasema kwa uchungu, akaikatakata vipande vidogo akamlisha.

Mabula alikula yote. Akalamba vidole, akaangaza huku na huku. "Koko?" akauliza.

"Koko amekwenda kwa mama," Masalu akamjibu. Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Siku hiyo ikawa imeliwa. Tulilala Lamadi, na lango tulilipita kesho yake asubuhi. Askari akafunua chombo, akanusa, akasema, "Karibuni Serengeti."

Katikati ya hifadhi

Mbung'o. Hao ndio waliotupokea. Wanauma kupitia nguo, wanauma kupitia blanketi. Masalu alitwambia tufunge vioo, tukafunga, joto likatukaba, tukafungua, wakaingia. Mwalimu alikuwa anawapiga kwa daftari hili hili, ndiyo maana kuna madoa kwenye jalada, msidhani ni chai.

Mabula kila mnyama alimwita ng'ombe. Nyati, ng'ombe. Pundamilia, ng'ombe. Tembo alipovuka barabara Mabula alimfuata kwa macho mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe... ng'ombe."

"Msukuma safi," Masalu akasema, na machozi yalimlengalenga.

Basi, yule simba mnayemtaka. Tulikuta magari ya watalii yamejipanga kama harusini, watu wametoka juu kwenye mapaa na kamera ndefu. Chini ya mti simba dume amelala, miguu juu, kama mlevi wa sikukuu. Kimya kabisa, hakuna anayekohoa. Katika kimya hicho Mabula akanivuta kitenge.

"Bibi, aa."

"Subiri kidogo, mume wangu."

"Aa!"

Kushuka hairuhusiwi, na simba yuko pale. Kurudi nyuma hatuwezi, tumezibwa na magari. Nikaliweka poti nyuma ya gari, kwenye nafasi ya mizigo, nikamkalisha. Yeye akikaa kwenye poti lazima aimbe, ndivyo nilivyomlea. Akageukia kioo cha nyuma, akaanza wimbo wake wa kanisani wenye neno moja tu, aleluya, kwa sauti yake yote.

Simba akainua kichwa. Akatutazama. Akalala tena. Lakini watalii waligeuka wote. Kamera zile ndefu zikaacha simba zikaja kwetu. Mzungu mmoja bibi wa makamo yangu alipiga makofi, na Mabula, kuona anapigiwa makofi, akasimama akainama kama alivyozoea kufanya nyumbani akimaliza. Bila nguo.

"Picha hii itafika Ulaya kabla sisi hatujafika Oldupai," Mwalimu akasema, amejifunika uso kwa mtandio. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na tangu niwe jirani yake sijawahi kumwona anacheka vile.

Kumbe kucheka huko kulinichoma. Niliwaza, mwezi ujao huyu akiimba kwenye poti, nani atakuwa anamsikia?

Naabi hadi ukingoni

Ukishapita kilima cha Naabi nchi inabadilika. Nyasi zimeisha, miti imeisha. Ni uwanda tu, umekauka, vumbi jeupe linatembea lenyewe kama watu wanaokwenda sokoni. Mimi nimezoea mawe na ziwa. Pale nilitafuta jicho liegemee wapi, likakosa. Midomo ilipasuka. Mabula nilikuwa nampaka mafuta ya nazi usoni na vumbi linaganda juu yake, akawa kama andazi lililotiwa unga.

Hapo tairi likapasuka. Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki haikuwepo. Masalu aliitoa Kiseke ili apate nafasi ya kuweka jogoo. Mkosaji ni yuleyule wa tatu, lakini Mama Kabula na wewe umo.

Tukakaa kivulini mwa gari, kivuli chenyewe chembamba kama ukanda. Akatokea mzee mmoja wa Kimasai na ng'ombe wake, sijui walitoka wapi kwenye uwanda ule usio na pa kujificha. Akasimama kwa mguu mmoja, akaegemea fimbo.

"Mmetoka wapi?"

"Mwanza."

"Ah. Wasukuma." Akawatazama ng'ombe wake, akawahesabu kwa macho. "Nikae hapa nao au niwaondoe?"

"Baba, gari limeharibika," Masalu akasema. "Leo hatuwezi kukuibia hata tukitaka."

"Ng'ombe wote duniani ni wetu," mzee akasema. "Mlio nao Mwanza mmeazima tu."

"Njoo uwachukue, basi. Ila uje na mahari, maana wengi tumeshawatoa kuolea wake."

Wakacheka, wakapeana tumbaku, na Mabula kuona ng'ombe wa kweli baada ya siku nzima ya kudanganywa akapiga kelele za furaha mpaka ndama wakakimbia. Mzee akamshika kichwa, akamtemea mate kidogo. Mwalimu akaruka. Nikamwambia atulie, hiyo ni baraka. Halafu mzee akaniuliza mimi, "Mwanao?"

Nikafungua mdomo. Mnajua neno lililotaka kutoka.

"Mjukuu," nikasema. "Tunampeleka kwa mama yake."

"Vizuri. Ndama akikaa sana na ng'ombe mwingine, mama yake hukauka maziwa."

Nikamfuta Mabula vumbi usoni. Na Masalu, aliyekuwa na neno la kila kitu, akawa anakagua tairi. Gari la watalii likapita, dereva wake akatuazima jeki, tukaondoka.

Bonde

Sofia alikuwa ametungoja tangu jana. Tulipofika ukingoni, kwenye vibanda vya wageni, alitoka mbio na aproni yake, viatu vimebaki nyuma, mikono ameinyoosha. "Mabula! Mwanangu!"

Mabula alimwona mtu anakuja mbio analia. Akageuka, akanikumbatia shingo kwa nguvu zake zote, akasema, "Mama." Akaniambia mimi.

Mikono ya Sofia ilibaki hewani. Halafu akaigeuza, akajifanya anafunga kilemba. Akapiga magoti, akaniamkia vizuri, kama nilivyomfundisha. "Shikamoo mama. Poleni na safari." Nami niliyekuwa nimeomba jambo hili njia nzima, nilipolipata halikuwa na ladha.

Mwalimu akaja na mbinu. Sofia aende nyuma ya nyumba, apige simu ya video, mtoto amwone alikomzoea, kisha atokee polepole. Ikafanyika. Mabula akaishika simu, akacheka, akaibusu. Sofia akatokea kwenye kona, simu mkononi, anatabasamu na machozi. Mabula akamtazama, akaitazama simu, akaona wako wawili. Akapiga ukunga. Mbinu za kitaalamu hizo.

Masalu ndiye aliyesema, mtu ambaye hajawahi kunipinga tangu niolewe kwao.

"Shemeji, mshushe kaka. Nenda bondeni na Mwalimu."

"Nani amekwambia nataka kuona mawe?"

"Mimi nasema. Ukikaa hapo hamwoni mtu mwingine. Hata mimi ningekuwa yeye nisingemwona."

Nilitaka kumpa maneno. Nikamtazama Sofia. Alikuwa amesimama kando, anachuna ngozi ya kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni akiogopa kuchapwa. Nikamkalisha Mabula chini, nikavitoa vidole vyake kwenye kitenge kimoja kimoja, nikageuka nikatembea. Kilio kile sitakiandika.

Njia ya kushuka ni ya vumbi na changarawe, na mama mmoja wa Kimasai mwenye buti za kiume alituongoza. Bonde lile ni pana, kuta zake zina matabaka, jekundu, jeupe, la kijivu, kama mablanketi yaliyokunjwa kabatini. Mwalimu alipofika chini alisimama. Akavua miwani. "Miaka thelathini nimepachora hapa ubaoni," akasema, "na nimepachora vibaya." Akachukua mchanga akauachia upite katikati ya vidole, akaurudisha wote chini, kwa sababu kuondoka nao ni marufuku na yeye ni mtu wa sheria.

Mimi nilikuwa nasikiliza juu. Kilio kinafika mpaka chini, kinagonga ukuta huu, kinarudi na ule, unadhani bonde zima lina watoto. Nikageuka nipande. Mwalimu akanishika mkono.

"Niachie. Atatapika. Akilia sana hutapika."

"Mama yake atamfuta."

"Hajui kumbembeleza!"

"Angejulia wapi?"

Hapo nikakaa kwenye jiwe. Nimewataja wakosaji wengi kwenye daftari hili, na nimewataja kwa raha. Huyu wa mwisho nilimtaja pale chini, kwa Mwalimu, na sasa namtaja kwenu. Sofia akipiga jioni, mara nyingi nilimwambia mtandao mbaya, mtoto amelala. Mtandao ulikuwa mzuri. Mtoto alikuwa macho, nimempakata, anacheza na vifungo vya gauni langu. Sikutaka kumgawa.

"Nilijua," Mwalimu akasema. "Tunatumia mtandao mmoja, na ukuta wetu ni mwembamba."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utajisahihisha mwenyewe." Akakaa kando yangu, na suruali yake safi, kwenye vumbi.

Halafu kilio kikakatika. Kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Tulipanda, na sikumbuki njia.

Sofia alikuwa amekaa kwenye mlango wa jiko, miguu ameinyoosha sakafuni. Mbele yake sahani ya ugali na yule jogoo, amempasha moto. Anakata tonge dogo, analipuliza, anakula mwenyewe, anafumba macho na kusema "mmm". Halafu anakata jingine, analiweka ukingoni mwa sahani, anatazama pembeni kama hana habari nalo. Mkono mdogo unalichukua. Hakuwa anamwita wala kumvuta. Kumbe anajua. Sikumfundisha mimi hilo; alilijua mwenyewe.

Mabula kamasi zimekauka mashavuni, macho yamevimba, kiganja kimoja amekiweka juu ya goti la mama yake, kwa ajili ya kuegemea tu. Akaniona. Nikasimama pale pale, nikajizuia hata kutabasamu. Akanitazama, akatafuna, akameza. Akanyoosha kidole chenye ugali kwenye kifua cha Sofia.

"Mama," akaniambia. Kama mtu anayenijulisha kwa mgeni wake.

"Ndiyo, mume wangu," nikamjibu. "Huyo ndiye."

Mchanga

Asubuhi ya kuondoka Sofia alipewa ruhusa ya saa chache, akatupeleka kuona ule mchanga unaohama. Ni kilima cha mchanga mweusi, kimejikunja kama mwezi mchanga, kimesimama peke yake kwenye uwanda mtupu. Upepo unakisukuma kidogo kidogo kila mwaka, na hakisambaratiki. Ukirusha konzi ya mchanga wake, mwingi unarudi kujishika na mwenzake. Mwalimu alitaka kutueleza kwa nini. Tukamwambia leo Jumapili, hakuna vipindi.

Masalu alipanda mpaka juu, akateleza kwa makalio, akapanda tena, na kitambi kile. Mabula alichimba. Alikuwa kwenye mgongo wa Sofia tulipofika, akadai kushushwa, akachimba, akamletea mama yake konzi moja na mimi konzi moja. Nilihakikisha ni sawa. Zilikuwa sawa.

Nilijiandaa kwa kilio cha kuagana. Nilikuwa na maneno ya kumtuliza, na, tusidanganyane, nilikuwa nakitaka kile kilio. Nikainama, nikambusu utosi. Akanipungia mkono. "Bai, bibi." Akarudi kuchimba. Miezi kumi na mmoja ya mgongo wangu, na ameniaga kama anavyomuaga muuza maandazi.

Sofia akanisindikiza mpaka kwenye gari. Akanifungia mlango kwa ile kamba, akashika dirisha.

"Mama, usikae sana bila kuja," akasema. "Umri huu wanasahau haraka."

Nilimtazama nione kama ananihurumia au ananilipa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, sikuweza kusoma.

"Nitakuja mvua zikianza," nikamwambia.

"Mvua zikianza njia haipitiki."

"Basi nitakuja kabla."